Yai lijitengenezeavyo protini jeni zikiwa zimenyamaza

Kila mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Mtoto wa kike akiwa na majuma 20 hivi tumboni mwa mamaye, huwa na seli za mayai zipatazo milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa hubakiwa na milioni 1 au 2, na anapovunja ungo, hubakiwa na kama 300,000 hadi 400,000. Katika umri wote wa kuzaa, mayai yatakayopevuka na kutoka ni 400 au 500 tu.

Mayai hayo yamesimama. Yalianza kugawanyika kabla mwenyewe hajazaliwa, yakakomea katika hatua ya mwanzo ya meiosisi, yaani ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23. Yai moja laweza kungoja miaka 15, na jingine miaka 40 na ushei.

Kisha, katika kila mzunguko wa mwezi, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni iitwayo LH, na kwa kawaida yai moja lililokwisha kukua huamka. Kiini chake huvunjika, nusu ya kromosomu hutupwa katika kijifuko kidogo pembeni, na yai husimama tena kuingoja mbegu ya kiume. Kwa binadamu kazi hiyo huchukua hadi saa 36. Kwa panya, saa 12 hivi. Katika saa hizo zote yai huhitaji protini mpya, nazo jeni zake zimenyamaza kimya.

Ghala la ujumbe

Seli ya kawaida inapohitaji protini hunakili sehemu ya DNA yake katika RNA mjumbe, na ribosomu huusoma ujumbe huo na kuunganisha asidi amino kwa mpangilio ulioandikwa. Yai la mwanamke linapokaribia ukubwa wake kamili, ambao ni kipenyo cha takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kunakili huko hukoma. Hakutaanza tena kwa nguvu hadi mimba iwe na seli 4 hadi 8. Kwa panya, seli 2. Yote yanayotendeka katikati hutegemea ujumbe ulioandikwa zamani.

Sisi wa vyumba vya habari hatuoni ajabu. Tanzia za wakuu wa nchi huandikwa wenyewe wangali hai, zikafungiwa mpaka siku yake. Shida haiko katika kuandika, bali katika kuhakikisha kwamba hazitoki kabla ya wakati.

Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Göttingen, Ujerumani, wakiongozwa na Melina Schuh, walieleza mahali ghala hilo lilipo. Ujumbe hukusanyika pembezoni mwa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, ukishikiliwa kwa msaada wa protini iitwayo ZAR1.

Mkia mfupi, mkia mrefu

Kila RNA mjumbe ina mkia wa adenini nyingi zilizofuatana. Mkia ukiwa mrefu, ribosomu huusoma ujumbe. Ukiwa mfupi, ujumbe hulala. Wakati yai linakua, ujumbe wa kutumika baadaye hupunguzwa mkia. Karibu na mkia huo pana alama fupi ya herufi za U na A, na juu yake hukaa protini iitwayo CPEB1. Laura Hake na Joel Richter waliieleza kazi yake mwaka 1994 katika mayai ya Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika ambaye sayansi ya uzazi inamwia deni kubwa.

Yai linapoamka, CPEB1 hubandikwa fosfeti, mkia hurefushwa, na ujumbe huanza kusomwa. Wakati huohuo ujumbe mwingine, uliohudumia ukuaji, hupoteza mikia yake na kuvunjwa. Ndiyo maana utengenezaji wa protini kwa jumla hupungua, ilhali protini chache maalumu zinaongezeka.

Mojawapo ni siklini B1, mwenza wa kimeng'enya kinachosukuma mgawanyiko. Nyingine ni MOS. Mwaka 1994 makundi mawili ya watafiti yalizalisha panya wasio na jeni hiyo. Mayai yao hayakuweza kutulia katika kituo cha pili. Yalianza kugawanyika bila mbegu ya kiume, na baadhi ya panya majike wakapata uvimbe katika ovari.

Katika kliniki

Gregory Pincus na Ernst Enzmann walionyesha mwaka 1935 kwamba yai la sungura likitolewa kifukoni mwake huendelea kupevuka lenyewe. Robert Edwards alieleza upevukaji wa yai la binadamu katika maabara mwaka 1965, miaka 13 kabla ya kuzaliwa kwa Louise Brown. Hata hivyo, kromosomu zaweza kuonekana tayari chini ya hadubini hali ujumbe ndani ya yai haujasomwa ipasavyo. Kupevusha mayai nje ya mwili kungali kugumu kwa sababu hiyo.

Wako pia wanawake ambao hedhi yao ni ya kawaida, homoni ni sawa, na bado mayai yao hukwama. Mwaka 2017 watafiti wa China na wa Saudi Arabia, kila kundi kwa upande wake, walikuta kwa baadhi yao kasoro katika nakala zote mbili za jeni ya PATL2, ambayo protini yake huzuia ujumbe usisomwe mapema. Kasoro ya namna hiyo hurithiwa kwa baba na kwa mama pia. Kwetu mwanamke wa aina hiyo huitwa tasa, akasingiziwa jini au ujana wake, na mara nyingi akaletewa mke mwenza, bila ya yeyote kuuliza yai lake lilikwama wapi.

Jeni nyingine, BTG4, husimamia kuvunjwa kwa ujumbe wa zamani. Ikiharibika, yai hurutubishwa lakini haligawanyiki. Mwaka 2020 watafiti wa China waliripoti kwamba walidunga RNA mjumbe timamu ya BTG4 katika mayai ya wagonjwa wa namna hiyo, na maabarani baadhi yakaendelea hadi hatua ya blastosisti.