Masijala, Seva na Vitenzi Vilivyosahauliwa

Anayetaka kuandika historia ya neno seva katika Kiswahili hana budi kuanza na neno masijala. Neno hili, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikwisha kuota mizizi katika ofisi zetu kabla watu wengi hawajaiona kompyuta. Masijala ni chumba ambamo majalada huhifadhiwa kwa mpango. Mwenye haja huomba jalada, hupewa akiwa anastahili, na jina lake huandikwa. Kazi ya seva ya ofisi ni hiyo hiyo. Ni kompyuta inayotunza kumbukumbu za wote na kuzitoa kwa kompyuta nyingine zinapoziomba. Hata hivyo hakuna aliyeiita masijala, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ulifuata mtambo mkubwa zaidi wa ICL. Jitihada za kuhamishia hesabu za serikali katika mitambo hiyo hazikuzaa matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Hivyo basi, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilipitia miaka yake ya mwanzo ya kusanifu istilahi wakati chombo chenyewe kilikuwa adimu. Yalipendekezwa majina: ngamizi, tarakilishi. La pili limepata makao zaidi Kenya. Watumiaji wa Tanzania walishika kompyuta, na seva ilipofika ikafuata njia hiyo hiyo, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Wapo wanaosikitika kwamba mzizi wa Kibantu haukutumika. Kwa desturi, waunda istilahi hutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo wageukie lugha za kigeni. Utaratibu huu una hekima yake, lakini katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, unahitaji kupimwa upya. Huko Kiiraqw ni lugha ya Kikushi na Kidatoga ni ya Kiniloti. Katika Bonde la Yaeda kuna Wahadzabe, ambao wanaisimu hawajaiwekea lugha yao ndugu wa hakika. Karani wa Haydom au Katesh ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw hapati nuru zaidi katika mzizi wa Kibantu kuliko katika neno la mkopo. Kwake yote mawili ni Kiswahili cha shule na ofisi. Kwa maoni yetu, seva ibaki.

Upungufu mkubwa haumo katika nomino. Orodha zetu za istilahi zimejaa majina ya vitu, ilhali mwenye ofisi hutoa fedha kwa sababu ya kitenzi. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la pembejeo mjini Katesh. Lilianza na daftari moja. Kuanzia mwaka 2010, mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilipoingia nchini, likazoea hesabu za mashine. Kisha likanunua kompyuta moja kuwa seva ya makarani watatu. Sasa makarani ni tisa, kuna tawi Basotu, na kila asubuhi wateja husubiri. Fundi anaitwa, anatazama, anasema: “Seva imekufa nguvu, nunueni nyingine.” Ni kauli gani hiyo? Haina maana moja.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kale vinavyotosha. Seva iliyojaa ni ile ambayo diski zake hazina nafasi. Dawa yake yaweza kuwa diski ya kuongeza tu, au kuhamishia kumbukumbu za miaka iliyopita mahali pengine. Seva iliyoelemewa inayo nafasi, ila maombi yanayoifikia kwa wakati mmoja yanazidi uwezo wake, kama punda aliyepakiwa magunia mengi. Huenda ikahitaji kuongezewa kumbukumbu ya kazi, au kugawiwa mwenzake. Seva iliyochakaa ni ile ambayo vipuri vyake vimezeeka kwa joto, vumbi na umeme unaokatika, na hiyo ndiyo hasa ya kubadilishwa. Mwenye duka asiyetofautishiwa mambo haya hulipia mashine nzima pale ambapo kipuri kingetosha, au hununua kipuri na kuipoteza mashine yote msimu wa kupanda.

Vivyo hivyo kwa nakala rudufu, ambayo wengine huiita chelezo. Chelezo ni boya. Neno la wavuvi limepanda hadi chini ya Mlima Hanang, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini hapa pia kitenzi ndicho chenye uzito. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka mlima huo yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Baada ya msiba wa namna hiyo, kunakili kumbukumbu katika diski iliyo juu ya meza ile ile si kitendo kimoja na kuipeleka nakala Babati au Arusha. Mkataba unaosema tu “nakala itawekwa” haujamwambia mwenye mali ni kipi atakachofanyiwa.

Kimesalia kitenzi kufuta. Seva mpya ikishahamishiwa kumbukumbu, ile ya zamani mara nyingi huuzwa au hupewa shule, nayo ingali na majina ya wadaiwa, simu zao na madeni yao. Katika kompyuta, kufuta kwa kawaida huondoa jina la faili na kuacha maudhui mpaka yaandikiwe juu. Kuteketeza ni kuyaharibu yasirudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamwajibisha anayetunza taarifa za watu. Kwa hiyo katika mkataba wa kubadilisha seva, mahali pa diski za zamani, tungependekeza liandikwe kuteketeza, na tarehe ya kufanya hivyo iwekwe kando yake.