Mjomba, niandikie wapi?

Nimekuwa kimya hapa kwa zaidi ya mwezi, wasomaji wangu, na sina udhuru wa maana. Kazi za kuandika programu za watu wengine zilinimeza. Lakini wiki iliyopita mpwa wangu, ambaye anafundisha historia katika shule moja ya upili kule Kilifi, alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nataka kuanzisha blogu. Niandikie wapi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na jibu ninalo kwenye ncha ya ulimi. Nikaanza: WordPress hivi, Blogger vile. Akanikatiza. Alitaka kuandika habari za wazee waliofanya kazi bandarini na kwenye reli, na mzee wa kwanza ni Babu yangu, ambaye yeye ni kitukuu chake. "Ile habari ya mgomo uliyoiandika zamani, nitumie kiungo chake niisome kwanza." Hapo nikakosa la kusema, kwa sababu kiungo hicho hakiendi popote.

Niwaeleze. Babu alikuwa kijana wa miaka 19 tarehe 13 Januari 1947, siku wafanyakazi wa bandari na reli wa Mombasa walipogoma na mji ukasimama. Wagomaji walikuwa wakikutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, na Babu alikuwa miongoni mwao. Kuanzia 2006 hadi alipofariki 2010, kila nilipokwenda nyumbani Voi nilikaa naye barazani nikiwa na daftari, na nikirudi Nairobi nachapa aliyoniambia kwenye blogu yangu ya wakati huo. Blogu ile ilikuwa na makala 214. Mengi yalikuwa porojo zangu za PHP ambazo hakuna atakayezililia, lakini 19 yalikuwa ya Babu. Mwaka 2011 kampuni iliyokuwa ikitupa nafasi ya bure ikafunga duka. Onyo walilituma kwa barua pepe, kwenye anwani yangu ya chuo ambayo nilikuwa nimeacha kuifungua. Nilipokuja kushtuka, miezi minne ilikuwa imepita. Niliokota makala 31 kutoka kwa Internet Archive, wale wanaohifadhi nakala za kurasa za mtandao. Matatu yalikuwa ya Babu. La mgomo halikuwemo. Na daftari? Nilishalitupa, kwani si nilikuwa nimeyaweka mtandaoni!

Basi nikamwomba mpwa wangu siku mbili, nikaanza kusoma upya historia ya majukwaa haya ya blogu nikitafuta jambo moja tu: watu waliowahi kulazimika kuhama walihama vipi, na wakatoka na nini.

Neno lenyewe si la zamani sana. Mmarekani aitwaye Jorn Barger alianza kutumia "weblog" Desemba 1997 kwa ukurasa wake wa viungo, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata vipande kwa mzaha, ikabaki "blog". Sisi tukaitia u mwishoni, kazi ikaisha. Zama hizo ukitaka kuwa na ukurasa wako uliandika HTML kwa mkono, kisha ukaisafirisha kwa FTP hadi kwenye seva. Ambaye hakuwa na seva alikwenda kwa GeoCities, iliyoanza 1994 na kugawa nafasi bure kwa mamilioni ya watu. Yahoo waliinunua 1999 kwa mabilioni ya dola, na Oktoba 2009 wakaizima. Kama si watu wa kujitolea wa Archive Team, wakiongozwa na Jason Scott, waliokesha wakinakili kurasa kabla ya siku ya mwisho, karibu zote zingepotea.

Blogger ilizaliwa Agosti 1999 katika kampuni ndogo ya San Francisco iitwayo Pyra Labs, ya Evan Williams na Meg Hourihan. Sikuwa nikilijua hili nilipoanza kuitumia: mwanzoni Blogger haikukaa na kurasa zako. Uliandika kwenye fomu yao, ikatengeneza kurasa, ikazituma kwa FTP kwenye seva yako mwenyewe. Kalamu yao, karatasi yako. BlogSpot, yaani nafasi kwenye seva zao, ilikuja mwaka 2000 kwa ajili ya wasio na seva. Mapema 2001 fedha za Pyra zilikatika kabisa. Walikuwa wameshawaomba watumiaji wachange ili seva zinunuliwe, kisha wafanyakazi wakaondoka na Williams akabaki akiiendesha peke yake. Februari 2003 Google wakainunua. Mwaka 2010 wakaiondoa ile njia ya FTP, kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno. Hapo karatasi nayo ikawa yao.

Sitaisema Blogger vibaya. Hapa kwetu ndiyo iliyotufungulia mlango. Muhidin Issa Michuzi wa Tanzania alianza blogu yake ya picha huko mwaka 2005, akasomwa na Waswahili walioko kila pembe ya dunia. Na kabla hatujazoea kuona Kiswahili kwenye skrini, Ndesanjo Macha alikuwa akituandikia katika Jikomboe. Mimi nilikuwa mwanafunzi, saiba shilingi moja kwa dakika, na intaneti yenyewe inakuja kwa setilaiti, inakokota miguu. Nani angekaa saiba akifikiri cha kuandika? Niliandika kwanza kwenye Notepad, nikahifadhi kwenye diski, nikaingia saiba, nikabandika, nikatoka mbio kabla ya dakika ya kumi. Maana yake nilikuwa na nakala ya kila kitu, bila kukusudia, kwa sababu ya umaskini tu. Kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa Julai 2009 na bei zikaanza kushuka, nikawa naandika moja kwa moja kwenye tovuti. Diski zikaishia kwenye sanduku, zikaota ukungu. Makala ya Babu ninayoyalilia zaidi ni ya baada ya hapo.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia hasa ni cha mwaka 2004.

Wakati huo wanablogu waliokuwa na seva zao walitumia Movable Type, programu iliyotolewa Oktoba 2001 na mke na mume, Ben na Mena Trott, ambao kampuni yao waliiita Six Apart. Ilikuwa programu nzuri, iliyoandikwa kwa Perl, na kwa mtu binafsi ilikuwa bure. Bure, lakini si huria. Wengi hatukujua tofauti.

Pembeni kulikuwa na programu nyingine isiyo na jina kubwa, b2, ya Mfaransa Michel Valdrighi. Hii ilikuwa chini ya leseni ya GPL: yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza, mradi naye awape wengine ruhusa ileile. Kisha Valdrighi akapotea mtandaoni kwa miezi, programu ikakaa bila mtu wa kuitengeneza. Tarehe 24 Januari 2003 mwanafunzi wa miaka 19 wa Houston, Matt Mullenweg, aliyekuwa akiitumia b2, akaandika kwenye blogu yake kwamba afanyeje sasa, na kwamba kwa kuwa leseni inaruhusu, pengine aichukue aiendeleze mwenyewe. Mwingereza mmoja, Mike Little, akamjibu kwenye maoni kwamba yuko tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza, wakaliita WordPress. Hebu fikiri: mwenye programu hayuko, na watumiaji wake hawakupoteza kitu.

Sasa linganisha na hili. Mei 13, 2004 Six Apart walitangaza Movable Type 3.0 na leseni mpya. Toleo la bure liliwekewa mipaka ya idadi ya waandishi na ya blogu, ukizidi, lipa. Six Apart hawakuwa wezi, walihitaji kula kama sisi sote. Lakini watu waliokuwa wamejenga juu ya programu ile kwa karibu miaka mitatu walihisi zulia limevutwa chini ya miguu yao. Mark Pilgrim, mwandishi wa programu aliyesomwa sana, alipiga hesabu akakuta toleo jipya lingemgharimu dola 535. Akahamia WordPress, na zile dola 535 akawapa waandishi wa WordPress. Siku chache baadaye Six Apart walilegeza masharti, lakini watu walishaanza kufunga virago. Mei 22 WordPress 1.2 ikatoka, na wahamiaji wakawa wengi.

Walihama vipi? Movable Type ilikuwa na kitufe cha kutoa makala yako yote kwenye faili moja la maandishi matupu. Kichwa cha makala, mwandishi, tarehe, mwili, maoni, kisha mstari wa vistari, kisha makala inayofuata. Mtu anaweza kulisoma kwa macho bila programu yoyote. WordPress ilikuwa na kifaa cha kulisoma faili hilo na kuyapanga upya makala yote. Kwa hiyo mlango ambao watu walitokea kwa Six Apart, Six Apart wenyewe ndio walioujenga. Mimi nawaheshimu kwa hilo hadi leo. Kampuni iliyokuwa na makala yangu haikuwa na mlango wa namna hiyo, nami sikuwahi hata kuuliza.

Baada ya hapo orodha ya misiba ni ndefu, nitaipita haraka. Vox, ya Six Apart haohao, ilifungwa 2010. Posterous ilinunuliwa na Twitter 2012 na kuzimwa Aprili 2013. Typepad, huduma nyingine iliyoanzishwa na Six Apart, ilidumu tangu 2003, ikapita mikono kadhaa, ikafungwa 30 Septemba 2025. Waliotumia Typepad kwa miaka ishirini na kitu walipewa wiki chache tu.

Na msidhani leseni huria inamaliza kila kitu. Septemba 2024 Mullenweg aligombana na kampuni ya WP Engine, inayoendesha tovuti za WordPress za wateja wengi, na wateja hao wakajikuta wamefungiwa kupata masasisho kutoka kwenye seva za WordPress.org, hadi mahakama ya Marekani ilipoingilia kati Desemba. Msimbo ulikuwa wao, sawa, lakini bomba la kuleta maji lilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Ndiyo sababu mimi mwenyewe miaka hii natumia mafaili ya maandishi tu, ambayo Hugo inayageuza kurasa. Seva ikifa leo, kesho napakia kwingine. Ila siwezi kumwambia mwalimu anayeandika kwa simu yake kati ya vipindi viwili ajifunze Git. Nilijaribu dakika tatu, nikasikia ukimya upande wa pili.

Tulifika wapi? Nikamwekea WordPress kwenye seva ninayoilipia mimi. Anwani ni yake, inaishia na .co.ke, na imesajiliwa kwa jina lake na barua pepe anayoifungua kila siku, si yangu. Hilo nililisisitiza kuliko jukwaa lenyewe. Kwa wanaokumbuka, Ory Okolloh alipokuwa akituhabarisha katika Kenyan Pundit baada ya serikali kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007, watu walijua pa kumpata kwa sababu anwani ilikuwa yake. Wazo la Ushahidi lilitolewa mle siku chache baadaye. Programu ya nyuma ingeweza kuwa yoyote.

Nilidhani nimemaliza, na nikajiona mjomba wa maana. Binti akauliza kwa upole, "Na wewe mjomba, ukichoka?"

Sikukasirika, ingawa lilinichoma. Kampuni iliyonipotezea Babu haikuwa na nia mbaya, ilichoka. Mimi nami sasa ndiye mwenye nyumba, nina seva moja, kadi ya benki inayoisha muda, na tabia ya kutofungua barua pepe. Tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi atatoa faili la makala yake yote mwenyewe, abaki na nakala kwenye simu, nyingine aitume kwa dada yangu, na nyingine kwangu. Neno la siri la seva lipo kwa dada yangu pia, kwenye karatasi, ndani ya Biblia.

Makala yake ya kwanza ameyaweka Jumamosi. Ameandika habari ya mgomo kama alivyoisikia kwa nyanya yake, yaani mama yangu, ambaye aliisikia kwa Babu mara nyingi kunishinda. Anasema Babu alirudi kutoka Kiwanja cha Maskini siku moja bila viatu, na kwamba hakuwahi kueleza vilikwenda wapi. Nimejaribu kukumbuka kama hilo nililiandika mwaka ule. Sikumbuki.

Faili la kwanza limenifikia leo asubuhi, la majaribio. Maandishi yapo yote, maoni mawili yapo, lakini picha hazimo. Zimewekwa anwani zake tu, ndivyo WordPress inavyofanya. Picha ni nne, moja ni ya Babu akiwa na sare ya reli. Jioni hii nazishusha moja moja.