Kenya: Kwa nini Subaru ya zamani hubadilishwa matairi yote manne kwa pamoja

Katika miji ya Kenya, Subaru Impreza ya miaka ya tisini husikika kabla ya kuonekana. Injini yake yenye silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, hutoa mngurumo ambao hata asiye mpenzi wa magari huutambua. Jina lake lilikuzwa na Safari Rally. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda mashindano hayo akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akayashinda kwa gari la jina hilohilo. Vijana waliowatazama wakipita na kuacha wingu la vumbi ndio wengi wa wanaomiliki magari hayo leo.

Magari yenyewe sasa yamezeeka, na mengine ya umri huo hayaingii tena kwa urahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikatazi, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari la zamani. Kwa hiyo Impreza WRX ya mwaka 1998 inayouzwa Nairobi ni ile iliyokuwapo nchini siku nyingi, iliyopita mikononi mwa wamiliki kadhaa na mafundi wengi zaidi. Anayeinunua huanza na turbo, ekzosi na rimu. Matairi huja mwisho, na mara nyingi hununuliwa mawili mawili kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa gari jingine utaratibu huo ungevumilika. Kwa Subaru hii, huko ni kununua hasara.

Milimita moja

Impreza WRX husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, si kwenye matope pekee. Katika gari la gia za mkono, nguvu ya injini hugawanywa kati ya mbele na nyuma na difu ya katikati, iliyomo ndani ya giaboksi. Difu hiyo ina kifaa kilichojazwa mafuta mazito ya silikoni. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayasafiri umbali ulio sawa, na difu huiachia tofauti hiyo ndogo ipite. Magurudumu ya upande mmoja yakianza kuteleza na kuzunguka ovyo, mafuta yale hupata joto, kifaa hukaza, na nguvu huhamia upande wenye mshiko. Kimeundwa kifanye kazi hiyo kwa vipindi vifupi kisha kipoe.

Tatizo huanza pale mmiliki anapofunga matairi mapya mbele na kuacha ya zamani nyuma. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililolika, hata kama namba zilizoandikwa ubavuni ni zilezile. Hivyo magurudumu ya nyuma hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kuufikia umbali uleule, hata katika barabara iliyonyooka kama rula. Difu haina namna ya kujua kwamba chanzo ni matairi. Hufanya kazi kama vile gari linateleza, kilomita baada ya kilomita, kutoka Nairobi hadi Eldoret.

Subaru yenyewe hushauri kwamba tofauti ya mzingo kati ya matairi manne isizidi robo inchi, yaani takribani milimita 6.4. Kwa hesabu ya duara, mzingo wa kiasi hicho ni sawa na tofauti ya milimita moja tu katika kina cha kashata. Sasa tairi jipya la barabarani huja na kina cha milimita 8 hivi. Mtu ambaye matairi yake mawili yamebaki na milimita 4, ambayo machoni bado yanaonekana mazuri, akiyachanganya na mawili mapya, anatengeneza tofauti ya mzingo ya milimita 25. Hiyo ni karibu mara nne ya kiwango kilichoshauriwa.

Dalili za kwanza hujitokeza kwenye maegesho. Usukani ukikatwa hadi mwisho na gari likatembezwa polepole, linakuwa zito, linasita na kurukaruka kana kwamba limefungwa breki ya mkono. Fundi asiye makini hutafuta kosa kwenye ekseli au usukani, na mteja hulipia vifaa ambavyo havikuwa vibovu. Wakati huo kifaa cha difu kimeshapikwa. Kukipata kingine cha gari la umri huo ni kazi, na kukifunga ni lazima giaboksi ishushwe. Matairi mawili yaliyookolewa hayafiki hata karibu na gharama hiyo.

Kanuni inayotokana na hesabu hii ni ngumu kwa mfuko lakini haina njia ya mkato: matairi manne ya kampuni moja, aina moja, kipimo kimoja, yaliyonunuliwa siku moja. Baada ya hapo yabadilishane nafasi, ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yalike kwa pamoja. Tairi moja likipasuka njiani wakati mengine yameshalika, mmiliki ana njia mbili: kutafuta la mtumba la aina ileile lenye kina kinacholingana, au kununua manne tena. Pancha ya msumari katikati ya kashata huzibika. Tundu la ubavuni halizibwi, hata fundi akiapa.

Kusoma ubavu wa tairi

Impreza WRX za mwanzo zilitoka kiwandani na rimu za inchi 15 na matairi ya 205/55R15. Matoleo ya michezo yaliyofuata yalikuwa na 205/50R16, na kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, kilitumia inchi 16 au 17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kipimo cha 205/55R15 kimekuwa adimu madukani. Aliye na rimu za asili anaweza kufunga 195/60R15, ambalo kipenyo chake kimezidi kwa asilimia 1.4 tu na linapatikana kwa urahisi zaidi. Anayetaka mshiko bora ahamie inchi 16 na 205/50R16, ambapo tofauti haifiki asilimia 1 na matairi ya michezo ni mengi zaidi. Hapo ndipo pangefaa kuishia.

Wengi hawaishii hapo. Rimu za inchi 18 zenye matairi ya 225/40R18 hupendeza kwenye picha, lakini kwa gari la kizazi cha kwanza kipenyo kinazidi cha asili kwa takribani asilimia 5. Spidomita inasoma pungufu ya kasi ambayo ingeisoma kwa tairi la asili, gia zinakuwa ndefu, na tairi husugua bodi likipakiwa abiria wa nyuma. Zaidi ya hayo, ubavu hubaki milimita 90 badala ya 113. Milimita hizo zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea mashimo na matuta. Zisipokuwapo, rimu hupokea yenyewe na kupinda, au ubavu hubanwa, nyuzi za ndani hukatika, na uvimbe mdogo hutokeza ukiwa na ukubwa wa yai la kuku. Tairi lenye uvimbe wa namna hiyo limekwisha, hata kama kashata zake ni mpya kabisa.

Baada ya kipimo huja namba na herufi, mfano 91V. Namba 91 ina maana ya kubeba kilo 615 kwa kila tairi, na V ina maana ya kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Herufi H ni 210, na T ni 190. Wapo wanaouliza V ya nini katika nchi ambayo gari dogo haliruhusiwi kuzidi kilomita 110. Jibu ni joto. Herufi ya juu huashiria tairi lililojengwa kustahimili joto jingi zaidi, na gari la turbo lililopakia watu watano, likipita nyanda za Voi saa saba mchana, huzalisha joto la kutosha bila kuvunja sheria yoyote.

Tairi jipya lililozeeka

Hadi mwaka 2016 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, cha kampuni ya Sameer. Kilipofungwa, soko likabaki kutegemea makontena. Tairi husafiri baharini, hukaa ghalani, kisha hutundikwa mbele ya duka likipigwa jua, iwe ni Kirinyaga Road jijini Nairobi au pembezoni mwa soko la Kisekka jijini Kampala. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hukauka, hupoteza ulaini, na nyufa nyembamba huanza kuonekana ubavuni.

Umri wake umeandikwa. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukitazama ndani, mnunuzi hatazisoma tena bila kulala chini ya gari. Zisomwe dukani, tairi kwa tairi, kwa sababu manne yaliyofungwa kwa karatasi moja si lazima yawe ya mwaka mmoja. Watengenezaji wengi wa magari hushauri matairi yabadilishwe baada ya miaka 6, na kampuni za matairi huweka ukomo wa miaka 10. Kwa gari linaloendeshwa kwa ukali, katika jua la Afrika Mashariki, lisilozidi miaka miwili dukani ndilo linalostahili bei ya jipya.

Matairi ya mtumba kutoka Japani yana mtego wake. Sehemu yake ni ya theluji. Hutambulika kwa neno STUDLESS au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, na kashata zilizochanjwa mistari mingi myembamba. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Juu ya lami ya moto hulegea, gari hukawia kuitikia usukani, umbali wa kusimama huongezeka, na tairi huisha upesi. Muuzaji atausifia ulaini huo kama mshiko. Huko kwao, wakati wa baridi, angekuwa anasema kweli.

Mvua ndiyo mtihani

Kwa matumizi ya kila siku, tairi la michezo la barabarani hutosha kwa WRX. Matairi ya mashindano yasiyo na mifereji ya kutosha hushika lami kavu vizuri sana, lakini kwenye mvua za masika humgeuka dereva. Tairi lenye mpira mgumu wa kudumu miaka mingi nalo huchelewa kusimamisha gari. Namba inayofuata neno TREADWEAR husaidia kukisia: ya michezo mara nyingi huwa kati ya 200 na 350, na ya safari za kawaida huzidi 400. Lakini namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo hufaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja.

Kwenye maji yaliyotuama, tairi lazima lisukume maji pembeni ili liguse lami. Likishindwa, gari huelea, na hapo usukani na breki havina kazi. Magurudumu manne yanayosukuma hayasaidii lolote, ingawa ndiyo humpa dereva ujasiri wa kwenda kasi. Tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, lililolika mapema kuliko jipya, na lenye upepo pungufu mapema kuliko lenye upepo sahihi. Vijiti vidogo vilivyomo ndani ya mifereji huonyesha kikomo cha milimita 1.6, lakini uwezo wa kutoa maji hupungua kabla ya hapo. Mwenye busara hubadilisha yakifika milimita 3.

Kabla ya kufunga seti mpya, bushi na shokomzoba zikaguliwe na wili alaimenti ifanywe. Impreza iliyoshushwa chini hula ukingo wa ndani wa tairi, mahali ambapo mtu aliyesimama pembeni haoni.

Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa la baridi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje ya Mombasa, ikiwa nzito zaidi, hufanya geji isome takribani psi 2.5 chini ya ilivyosoma Nairobi, hata kama tairi halijavuja. Joto la pwani hurudisha sehemu ya upungufu huo, kwani kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza psi 1 hivi. Kinachobaki hujazwa asubuhi ya kwanza baada ya kufika, kabla gari halijatoka, na hupunguzwa tena baada ya kurudi bara.