Comte alisema "kamwe"

Nikiwa mwaka wa mwisho wa agronomi, mama moja mulimaji aliniletea udongo wa shamba lake ndani ya sasheti. "Mwanangu, uniambie, hii udongo inakosa nini?" Chombo cha labo yetu kilikuwa kimeharibika. Nikamujibu: "Mama, haiwezekani kujua." Akaniangalia tu, akaenda.

Lile jibu lilinirudilia niliposoma habari ya Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa. Mwaka 1835 aliandika kwamba tunaweza kupima umbali wa nyota, ukubwa na mwendo wake, lakini zimefanyika na nini, hatutajua kamwe. Kweli, nani angefika kule kuchota sampuli? Alikufa mwaka 1857.

Miaka miwili kisha, kule Heidelberg, Ujerumani, Bunsen na Kirchhoff walitia chumvi mbalimbali katika moto wa gazi usio na rangi, wakapitisha mwangaza wake ndani ya prisma. Hakukutoka rangi zote za upinde wa mvua, ni mistari michache tu. Sodiamu ilitoa manjano, potasiamu nyekundu na zambarau. Kila elementi ina mistari yake, haiazimi ya jirani.

Halafu jua. Mwaka 1814 Fraunhofer alikuwa amechora mistari myeusi katika mwangaza wa jua, bila kujua inatoka wapi. Kirchhoff akaonyesha kama gazi inameza rangi ileile inayotoa. Na mistari miwili myeusi ya jua inakaa pahali palepale pa manjano ya sodiamu. Basi kule juani kuna sodiamu! Sampuli ilikuwa inatufikia kila asubuhi. Mwaka 1860 mwangaza ukawaonyesha hata elementi mupya, sezia, ndani ya maji ya chemchemi ya Dürkheim.

Ndugu zangu wa agronomi, fotometa ya moto, inayopima potasiamu ya udongo, ni mujukuu wa ule moto wa Heidelberg. Unapuliza maji yaliyobeba potasiamu ya udongo ndani ya moto, chombo kinapima mwangaza wake. Haingemwambia mama yule kila kitu, juu udongo unaweza kukosa vingi, lakini tungeanza na jambo moja la kweli.

Nilipashwa kumwambia: "Mama, leo chombo chetu kimekufa." Njo ilikuwa ukweli. Angepeleka sasheti yake labo ingine. Mimi nilisema haiwezekani, na yeye aliniamini, juu mimi njo niliyesoma.