Kura Tatu za Tabora

Wiki iliyopita tulibishana vikali pale chumba cha habari. Mwenzangu mmoja, tena msomi wa Mlimani kama mimi, alidai Uhuru wa Tanganyika ulipatikana kwa kuomba. Waliopigana ni Wakenya na Waalgeria, sisi tuliandika barua tukasubiri majibu.

Wote walicheka. Mimi nilinyamaza, maana nilipokuwa chuoni niliamini hivyo hivyo.

Wadau, hebu turudi Tabora, Januari 1958. TANU haijatimiza hata miaka minne. Serikali ya Gavana Edward Twining imeleta uchaguzi wa ajabu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Na hata kupiga kura kwenyewe kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa unaotambuliwa. Mkulima wa kawaida, mwenye nchi yake, yuko nje. Ubaguzi uliovalishwa suti!

Wajumbe walifika mkutanoni wamechemka. Wengi walitaka kususa. Jiulize, wewe ungesema nini? Mimi kwa damu yangu hii ningepiga meza: tususe!

Nyerere alisimama upande wa pili. Tukisusa, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali. Akawashawishi wajumbe wakubali kuingia. Lakini msidhani walikubali kinyonge. Waliazimia pia kudai serikali ya madaraka mwaka 1959, la sivyo wachukue hatua.

Gharama ilikuwepo. Zuberi Mtemvu, mwanaharakati wa TANU tangu mwanzo, alijitoa akaunda chama chake cha African National Congress. Kwake yeye, kukubali kura tatu ni kuukubali ubaguzi. Simbezi. Hoja yake ilikuwa na uzito.

Agosti mwaka huo huo Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Jela ingempa jina kubwa. Alilipa faini, akaendelea na kampeni.

Matokeo? Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwemo Waasia na Wazungu. Mtego ukageuka ngazi. UTP ikafa. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda.

Sisemi upole hufanya kazi kila mahali. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na walowezi walikuwa wachache. Kenya ardhi ilikuwa imeshachukuliwa. Kuwapima kwa kipimo kimoja ni kuwaonea wote wawili.

Ila nimegundua jambo. Kumkaripia mkoloni mbele ya watu wanaokushangilia si kazi ngumu sana. Kazi ni kusimama mbele ya wenzako waliokasirika, wenye haki ya kukasirika, na kuwaambia twende polepole, huku ukijua baadhi watakuita msaliti.

Mwenzangu yule nitamwambia hivyo kesho. Na mimi mwenyewe? Sina hakika kama ningeweza.