Uondoaji wa maji yaliyotuama shambani

Uondoaji wa maji shambani ni kazi ya kutoa maji ya ziada kwenye udongo ili mizizi ipate hewa. Maji yenyewe si sumu kwa mmea. Kinachoudhuru ni ukosefu wa oksijeni, ambayo husafiri ndani ya maji polepole kama mara 10,000 kuliko hewani. Udongo ukijaa maji kwa siku kadhaa mizizi huanza kuoza, bakteria hugeuza naitreti kuwa gesi, na majani huwa manjano hata penye mbolea ya kutosha.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kuchimba mitaro kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Njia rahisi ya kupima ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 30, kulijaza maji, kuyaacha yaishe, kisha kulijaza tena. Maji ya mara ya pili yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo haupitishi maji vizuri. Ukuta wa shimo nao hueleza mengi: rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu ni dalili ya kujaa maji mara kwa mara, na tabaka gumu hapo inapoishia ncha ya jembe au plau huonyesha udongo ulioshindiliwa. Shimo likijaa lenyewe kutoka chini, basi maji ya ardhini yako karibu.

Kila chanzo kina tiba yake. Maji yanayoteremka kutoka mlimani hukingwa kwa mtaro uliochimbwa upande wa juu wa shamba, ukiwa na mteremko mdogo usiomomonyoa udongo. Tabaka gumu huvunjwa kiangazi, kwa kuwa udongo mbichi ukilimwa kwa trekta hushindiliwa zaidi. Maji ya ardhini huhitaji mitaro ya kina kirefu au mabomba yenye matundu yaliyofunikwa kokoto, na kazi hiyo ni bure pasipo mahali pa chini pa kuyamwaga.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mabomba hayasaidii sana. Matuta mapana yaliyoinuliwa sentimita 20 hadi 30 hufaa zaidi. Samadi na mboji hulegeza mfinyanzi taratibu, msimu baada ya msimu. Kuuchanganya na mchanga kidogo huufanya mgumu zaidi, na kokoto chini ya shimo la mche hazisaidii, kwani maji hubaki yamening'inia juu yake.

Mparachichi na mpapai haivumilii maji yaliyotuama hata kidogo. Mpunga na magimbi huyapenda, na wakulima wa Usukuma hujenga majaluba, yaani vitalu vyenye kingo za udongo, kwenye mbuga ili kuyazuia yasitoke. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, hivyo eneo hilo si la kukaushwa.