Malakiti: jani, jiwe na ndege

Kikula ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, Katanga, nchini Kongo. Nyingine ni Likasi yenyewe, Panda na Shituru. Vilima vinavyouzunguka mji huu vimetoa shaba kwa karne nyingi, na jiwe lililowaongoza watu wa kwanza kuifikia shaba hiyo ni la kijani, lenye mistari iliyokolea na iliyofifia, inayozungukana. Wachongaji wa Katanga hulikata na kulisugua kwa maji hadi ling'ae, wakatengeneza shanga, vibao vya sataranji, visahani vya majivu ya sigara na tembo wadogo. Kwa mwanakemia, jiwe hilo ni malakiti. Mtaalamu wa ndege ana malakiti yake, na mfugaji wa samaki ana ya tatu. Ukizipima zote tatu maabarani, hutaona undugu wowote isipokuwa rangi.

Jina lilianzia kwenye mboga. Wagiriki wa kale waliuita malakhe mmea mmoja wenye majani mapana, wa ukoo uleule wa bamia, pamba na ngai-ngai inayopikwa kote Kongo. Plinius, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya maumbile kwamba kuna jiwe la kijani kizito, lisilopenya nuru, lililoitwa kwa rangi ya mmea huo. Akaongeza kwamba lilifaa kwa mihuri, na kwamba watoto walivalishwa kama kinga. Si lazima liwe jiwe hili la Likasi, kwa sababu watu wa zama zile waliyatambua mawe kwa macho, na kijani ni rangi ya mawe mengi. Lakini jina lilidumu, na hatimaye likatua juu ya jiwe la shaba.

Kuna neno la Kigiriki linalokaribiana nalo, malakos, yaani laini. Hilo ndilo lililozaa malakolojia, elimu ya konokono, chaza, pweza na jamaa zao wenye miili laini. Wapo waliotaka kulihusisha na jiwe pia, kwa kuwa malakiti si gumu: katika kipimo cha Mohs, ambamo almasi ni 10, yenyewe iko kati ya 3.5 na 4. Mimi nashikamana na jani, maana ndiyo sababu aliyoitoa Plinius mwenyewe.

Katika kemia, malakiti ni kaboneti ya shaba yenye hidroksidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake, karibu asilimia 57.5, ni shaba tupu. Huzaliwa karibu na uso wa ardhi, pale maji ya mvua na hewa yanapoikuta shaba iliyolala ndani ya miamba na kuigeuza polepole. Kwa hiyo hukaa juu, mahali pa kuonekana. Pedro João Baptista na Anastácio José, Waafrika waliotumwa kutoka Angola kufanya biashara na kutafuta njia ya kuvuka bara kati ya 1802 na 1814, walipita nchi hii, na taarifa ya safari yao inataja mawe ya kijani juu ya vilima ambako shaba ilichimbwa.

Hawakuwa wanagundua kitu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale kaskazini mwa Likasi, wanaakiolojia waliochimba mwaka 1957 na 1958 walikuta misalaba midogo ya shaba imezikwa pamoja na wafu. Misalaba ya aina hiyo ilitumika kama fedha na katika mahari kwa karne kadhaa kabla Mzungu yeyote hajafika. Shaba, ambayo lugha za eneo hili huiita mukuba, ilikuwa mali iliyosafiri mbali kuliko wachimbaji wake.

Mwaka 1926 padri Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, alichapisha habari za mafundi wa kuyeyusha shaba hii, Wasanga na Wayeke, waliojulikana kama wala shaba. Kula shaba kulikuwa kufaidi matunda yake. Kazi ilianza kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Wanawake na watoto waliokota malakiti iliyotapakaa juu, wanaume wakachimba mashimo. Makaa yalichomwa msituni, tanuri likajengwa kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ya ngozi ikapuliza moto.

Kilichotokea ndani ya tanuri lile ni kemia kamili. Malakiti ikipata joto la kupita nyuzi 200 huachia mvuke wa maji na gesi ya kaboni, ikawa nyeusi: imebaki oksidi ya shaba. Makaa yanaiondolea oksijeni, na moto ukipanda hadi nyuzi 1,085 shaba inayeyuka na kutiririka. Fundi hakuwa na neno oksijeni, ila alijua jiwe lipi linafaa, makaa kiasi gani, na mivukuto isimame lini. Naamini mahali pake ni ndani ya historia ya kemia, si pembeni katika sura ya mila na desturi.

Kiwanda cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929 chini ya kampuni ya Union Minière, kilifuata njia nyingine kulivunja jiwe hilohilo. Mawe yalisagwa, yakaloweshwa katika asidi ya salfa, na umeme ukaitoa shaba katika maji hayo. Ukitaka kuiona hatua ya kwanza, dondoshea tone la asidi juu ya kipande cha malakiti: linachemka mapovu, gesi inatoka, na tone linageuka buluu.

Wanazoolojia walichukua rangi tu. Yule mdiria mdogo wa mito na mabwawa ya Afrika, mwenye kishungi na mdomo mwekundu, aliyepewa jina la kisayansi na Pallas mwaka 1764, huitwa kwa Kiingereza mdiria wa malakiti. Yuko pia chozi wa malakiti, wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kusini, na Amerika ina kipepeo wa jina hilo. Hakuna hata mmoja kati yao anayepakwa rangi na shaba. Kung'aa kwa mdiria na chozi kunatokana na jinsi manyoya yalivyosukwa ndani, kwa vipimo vidogo mno, hata nuru ikirudi irudi na rangi hiyo.

Hata wanakemia wenyewe waliikopa rangi hiyo. Mwaka 1877 Ujerumani ilipata rangi ya viwandani iliyoitwa kijani cha malakiti. Haina chembe ya shaba. Ilitumika kutia rangi hariri na ngozi, kisha wafugaji wa samaki wakaigeuza dawa ya kuvu, hadi nchi nyingi zikaipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa kwa kuwa mabaki yake hukaa mwilini na ni hatari.

Ndege mwenye shaba kweli yupo, na anaishi katika misitu ya Katanga. Ni shorobo wa Ross: mwili wa zambarau iliyokoza, mdomo wa manjano, na mabawa ambayo akiruka yanafunua wekundu mkali. Mwaka 1869 Mwingereza Arthur Church alitangaza kwamba wekundu huo wa mashorobo ni rangi halisi, iliyojengwa kwa shaba, akaiita turasini. Karibu sehemu 7 katika kila 100 za turasini ni shaba, na ndege huipata katika matunda na machipukizi anayokula. Hii ndiyo sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote: anayeitwa kwa jiwe la shaba hana shaba, na mwenye shaba bawani ameitwa kwa sababu nyingine kabisa. Wataalamu walimwita Musophaga rossae, kwa heshima ya Lady Ross, mke wa gavana wa kisiwa cha Saint Helena. Musophaga maana yake ni mla ndizi. Laiti wangewauliza Wasanga, wangemkuta ameshahesabiwa miongoni mwa wala shaba.